Tairi "Inaingia", Lakini Je, Inakubaliana na Ya Nyuma?

Wauza tairi wana sentensi moja wanayoipenda: "Hii inaingia, bosi." Na kweli itaingia. Ringi ya inchi 16 inapokea tairi la inchi 16, nati zitafungwa na trekta litaondoka dukani linatembea. Kama trekta lako dogo linavuta kwa magurudumu yote manne, hapo ndipo balaa linapoanza, na hutaliona mpaka msimu wa kulima umekolea.

Mimi nalimisha huku Bagamoyo kwa trekta dogo la mtumba kutoka Japani: mpunga bonde la Ruvu, mahindi, mashamba ya nanasi upande wa Kiwangwa, na msimu ukipoa navuta tela. Matairi nimeshabadilisha ya mbele na ya nyuma, na ndugu wengi wananiuliza bei kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Bei iwe swali la mwisho.

Kwenye matrekta haya, ukishavuta leva ya magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungamana kwa gia moja kwa moja. Kiwandani wanapanga gurudumu la mbele litangulie kidogo, asilimia 1 hadi 5 hivi, ili mbele kuvute na kusiburutwe. Mpango huo unategemea mzingo wa matairi. Ukibadilisha saizi upande mmoja tu, umeuvuruga.

Kupima si kazi ngumu. Chora alama ya chaki kwenye tairi moja la mbele na moja la nyuma, weka gia ya magurudumu manne, uende mwendo wa kinyonga kwenye udongo laini, mstari ulionyooka. Mmoja ahesabu mizunguko 10 ya nyuma, mwenzake ahesabu ya mbele. Ikiwa ya mbele imezunguka mara 17, uwiano wa gia zako ni 1.7. Namba hiyo iandike mahali, haibadiliki hata matairi yakiwa vipara.

Kisha tafuta mzingo wa matairi unayotaka kununua, yaani umbali ambao tairi linakwenda kwa mzunguko mmoja likiwa limebeba uzito wa trekta. Muuzaji makini anao kwenye kitabu cha kiwanda. Usipime matairi yako yaliyokwisha ukadhani ndiyo kipimo, maana kashata, yaani meno ya tairi, ikilika mzingo nao unapungua. Tuseme tairi la nyuma lina sentimita 330 na la mbele 200. Zidisha 200 kwa 1.7 upate 340. Mbele kunatangulia kwa sentimita 10, asilimia 3 hivi. Safi kabisa. Sasa bosi wa "inaingia" akuuzie la mbele lenye sentimita 185: unapata 314 na nusu. Gurudumu la mbele linataka kwenda pungufu ya la nyuma, kwa hiyo limegeuka breki. Unachoma dizeli kupigana na trekta lako mwenyewe, na ugomvi huo unaishia kwenye shafti na gia za mbele. Dalili zake utazijua: usukani mzito, leva ya mbele inayogoma kutoka, na matairi ya mbele yanayolika haraka kuliko kawaida.

Hata matairi yakikubaliana, ukipanda lami, kwa mfano ile ya kwenda Msata, toa gia ya mbele. Shambani udongo unateleza na kuachia ule mvutano, lami haiachii. Wenye trekta la kuvuta nyuma peke yake, hesabu hii yote haiwahusu, ruka.

Na usidanganyike na namba zilizoandikwa ubavuni. 11.2-24 maana yake upana wa inchi 11.2 na ringi ya inchi 24. Kistari kinaonyesha nyuzi za ndani zimepita mshazari, na pakiwa na herufi R ni radiali, yaani nyuzi zimekatiza moja kwa moja. Lakini viwanda viwili vinaweza kuandika namba hizohizo na mizingo ikatofautiana. Ndiyo maana nasema utafute mzingo wenyewe.

Kuhusu kashata, kuna alama nne utakutana nazo. R-1 ndilo la shamba, lenye meno marefu ya mshazari. R-2 meno yake yanakaribia urefu mara mbili ya hayo, ni la matope ya mpunga na miwa. R-3 ni la bustani za nyasi, huku kwetu sioni kazi yake. R-4 lina meno mapana na mafupi na ubavu mgumu, limetengenezwa kwa kazi za ujenzi na kubeba. Wauzaji wengi watakusukumia R-4 kwa sababu linadumu barabarani. Kama riziki yako ni tela la mchanga na tofali, chukua, sikubishii. Ila lipeleke kwenye udongo wa mfinyanzi wa Ruvu wakati wa masika uone: meno yanajaa tope na tairi linabaki kama yai. Kwangu R-1 inafanya vizuri sehemu nyingi, na kwenye majaruba yenye maji nafunga magurudumu ya chuma ya nyongeza pembeni. R-2 sikununua. Kazi ya tope kwangu ni ya muda mfupi, na R-2 kwenye barabara ngumu linatikisa mpaka meno yako wewe.

Ringi nazo zina siri yake. Kabla ya kununua za mtumba, hesabu matundu ya bolti, pima duara ambalo matundu hayo yamejipanga na tundu la katikati, angalia na kina cha sahani, lile bamba la katikati ya gurudumu. Tundu likipishana kidogo, fundi atakwambia analitoboa upya. Mwambie aache. Trekta nyingi ndogo zina sahani na ringi zinazofungwa kwa bolti, na hapo unaweza kubadili upana wa nyayo bila kununua kitu. Mahindi ya mistari ya sentimita 75 yanataka magurudumu yaachane sentimita 150, katikati hadi katikati, ili upite juu ya mistari miwili bila kukanyaga. Njia rahisi ni kuhamisha gurudumu la kushoto kwenda kulia na la kulia kwenda kushoto bila kuyageuza, ubavu uliokuwa ndani utokee nje. Mshale wa mwelekeo unabaki sahihi. Ukiligeuza hapohapo lilipo, meno yatatazama kinyume na trekta litateleza hata kwenye udongo mkavu.

Uzito wa nyuma: jaza maji. Weka valvu juu kabisa, jaza mpaka maji yafike usawa wake, hapo tairi limejaa kama asilimia 75. Tairi la 11.2-24 linachukua karibu lita 150, yaani kilo 150 kila upande, kwa bei ya maji. Wenzetu wa nchi za baridi wanachanganya chumvi ya kalsiamu yasigande, na chumvi hiyo inakula ringi. Sisi haituhusu. Ila visima vingi vya huku pwani vina maji ya chumvi, na tyubu ikitoboka maji hayo yanabaki kwenye chuma. Tafuta maji yasiyo na chumvi.

Upepo ndio unaoharibiwa na watu wema. Kijana wa pancha kazoea lori na bodaboda, akiona tairi kubwa anashindilia mpaka lilie kama ngoma. Tairi la nyuma la trekta dogo shambani mara nyingi linahitaji PSI 12 hadi 20 tu, fuata kitabu chako na maandishi ya ubavuni. Likiwa gumu linagusa ardhi kwa kipande kidogo na kuchimba shimo kwenye mchanga. Nunua geji yako mwenyewe.

Ukinunua tairi la mtumba, tafuta zile tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata inaweza kuwa nzima na mpira umeshakufa kwa jua, kwa hiyo kunja ubavu kwa mkono uone kama una nyufa. Tairi jipya lipe tyubu mpya. Siku ya kwanza lima kwa muda wa saa mbili tatu, simamisha, kaza nati zote tena, na kesho yake asubuhi kaza tena kabla hujawasha.