Hanga ya kromu imebanduka, ya rangi ya chungwa bado nzima: kwa nini?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini hanga yako mpya ya taulo inayong'aa kama chuma imeanza kubanduka kabla ya miaka miwili, wakati ile ya rangi ya chungwa uliyoikuta ukutani ulipohamia haina hata ufa, na kama ni kweli plastiki ya zamani ilikuwa bora. Mimi ni fundi bomba, na nina ugonjwa wa kutotupa vitu. Kila kipande cha plastiki ninachong'oa bafuni kikinivutia kinaingia kwenye boksi. Nitakujibu kutoka humo.

Kwanza, plastiki ya zamani haikuwa bora, na ya mwanzo kabisa ilikuwa ya hatari. Kuna siti za choo za mbao zilizovishwa seluloidi iliyoiga lulu: zinapendeza, ila seluloidi inadaka moto kama karatasi. Kisha ikaja bakelaiti, aliyoibuni Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907. Nina kishikio kimoja cha mnyororo wa kuvutia maji ya choo, wa tangi lile linalofungwa juu ukutani, cheusi, kizito. Kisugue kwa kidole gumba mpaka kipate moto, kitanuka dawa ya hospitali. Hiyo ni fenoli, kemikali inayotengenezea bakelaiti, na ndiyo namna ya haraka ya kukitambua. Bakelaiti yenyewe ina rangi iliyokolea kiasili, kwa hiyo mara nyingi ilitoka kahawia au nyeusi, rangi ambazo watu hawakuzitaka bafuni. Weupe ulipatikana miaka ya 1920 kwa kutumia kemikali nyingine, urea, badala ya fenoli. Zile siti nzito ambazo ukizigonga kwa kucha zinalia kama sahani ya kauri, hadi leo ni ukoo huo.

Mapinduzi makubwa yalitokea mahali pasipoonekana, ndani ya tangi la choo. Matangi yalikuwa ya mbao yakiwa na bati la risasi ndani, au ya chuma, na boya lilikuwa tufe la shaba. Shaba ikitoboka tundu la sindano, boya linakunywa maji, linazama, na maji hayakatiki usiku kucha. Geberit ya Uswisi ilianza kutengeneza tangi la plastiki mwaka 1952. Hakuna anayelisifia tangi, lakini mimi niliyebadilisha maboya ya shaba naliheshimu kuliko hanga yoyote.

Sasa chukua ile hanga ya chungwa, uigeuze mgongo. Utaona vijiduara vidogo bapa: hapo ndipo pini za kalibu, yaani umbo la chuma linalojazwa plastiki iliyoyeyushwa, zilipoisukuma itoke. Utaona mbavu nyembamba, maana plastiki nene hupoa vibaya na kubonyea upande wa mbele. Kuta zake zimelala kidogo, hazijasimama wima, ili kitu kisikwame kwenye kalibu. Na kona zote ni za mviringo, kwa sababu kona kali ndipo ufa unapoanzia. Watu husema maumbo yale ya duara ya miaka ya 1970 yalikuwa fasheni. Kwa sehemu ni kweli, lakini kalibu ilikuwa imeshaamua nusu ya mchoro kabla mbunifu hajashika kalamu. (Ukiona pembetatu ya mishale yenye namba ndani, kipande hicho hakikutoka kabla ya 1988, alama hiyo ilianza mwaka huo.)

Kwa maoni yangu wakati mzuri kuliko wote ulikuwa miaka kumi na tano hivi, ambapo plastiki haikuona aibu kuwa plastiki. Mwaka 1964 hoteli ya New Otani ya Tokyo iliwekewa bafu za faiba (plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo) zilizotengenezwa kiwandani, vyumba zaidi ya elfu, kwa sababu Olimpiki ilikuwa inagonga mlango na mafundi wasingewahi kubandika vigae. London, mwaka 1967, msanifu majengo Nicholas Grimshaw aliegesha bafu 30 za faiba kwenye mnara mmoja nyuma ya hosteli ya wanafunzi. Ila ninachokipenda mimi ni kidogo zaidi: vishikio vya nailoni vya HEWI ya Ujerumani, kampuni iliyotoa kitasa chake cha mlango namba 111 mwaka 1969. Niliwahi kukata kimoja cha namna hiyo kwa msumeno. Katikati bomba la chuma, juu yake nailoni nene, nyekundu mpaka ndani. Mzee akikishika alfajiri hakimuumi kwa baridi, na kwa vile kinawaka rangi, hata mwenye macho hafifu anakiona. Kikikwaruzwa, chini ya mkwaruzo ni wekundu uleule.

Halafu mafuta yakapanda bei mwaka 1973, plastiki ikapanda nayo, na polepole ikaanza kuonekana ya ovyo. Ikarudi kujificha, safari hii ndani ya kromu, ile metali ya kung'aa. Plastiki ya ABS ina chembe za mpira. Ukiitia kwenye asidi chembe hizo zinaliwa, zinabaki vishimo, na shaba na nikeli zinang'ang'ania humo kabla ya kromu kupakwa juu. Kazi ya akili sana. Tatizo ni kwamba ABS ikipata joto hutanuka mara kadhaa kuliko metali iliyoivaa, na kila anayeoga maji ya moto anaivuta ngozi ile. Shaba ikiwekwa ya kutosha, inavumilia. Ikipunjwa, inapata malengelenge, inapasuka, na ukingo wake ni wembe mtupu. Kidole changu kina kovu la kichwa cha shawa. Hiyo ndiyo hanga yako; ya chungwa haina ngozi ya kubanduka. Usiibandike tena kwa gundi.

Ya chungwa ioshe kwa maji na sabuni tu. Mimi niliwahi kufuta rafu ya akriliki ya mteja kwa spiriti ili ing'ae, na kesho yake ilikuwa na nyufa za utando wa buibui kila penye skrubu. Nililipa. Na ukiirudisha ukutani, kama skrubu zinaingia kwenye plastiki yenyewe, usizikaze moja kwa moja: zungusha bisibisi kinyume kwanza, taratibu, mpaka usikie skrubu imedondoka "tik" kwenye njia yake ya zamani. Hapo ndipo ukaze, na uache ikigusa.