Boti haitakupangia bei

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nina duka la mtandaoni hapa Mwanza, nauza pampu za maji, mabomba, matangi na vifaa vya sola. Tovuti imejengwa kwa WordPress, na sehemu ya duka ni WooCommerce. Maombi ya kotesheni yananilemea, machache kupitia fomu, mengi WhatsApp, na nikichelewa kujibu mteja ameshanunua kwingine. Kuna kijana anasema kwa laki tatu ataniwekea boti ya WhatsApp, yaani programu ya kujibu wateja, yenye akili mnemba, itoe bei yenyewe usiku na mchana. Mimi kazi yangu ni kuskani QR tu. Nimpe kazi?

JIBU: Usimpe.

Maswali ya aina hii yananifikia kila mara, kwa wauza bati, wauza vipuri, wauza vifaa vya ofisi, na yote yamebeba dhana moja: kwamba kinachochelewesha kotesheni ni uvivu wa kuchapa. Hebu rudi usome maombi yako ya wiki iliyopita. Mteja ameandika "naomba bei ya pampu ya kisima", basi. Kisima kina mita ngapi? Maji yamesimama mita ngapi kutoka juu? Mnara wa tangi una urefu gani? Anataka lita ngapi kwa saa? Umeme ni wa fezi moja, fezi tatu, au ni sola? Bila majibu hayo hata wewe mwenye duka huwezi kutaja bei. Ukikisia, utamuuzia pampu ya kusukuma mita 60 mtu anayehitaji mita 90, na mwezi ujao atairudisha akikuambia ni feki. Wewe angalau ungeuliza kwanza. Boti itajibu tu bila kuuliza.

Kwa hiyo anza kwa kuufanya mtambo wako wa kotesheni uulize. Zipo plagini, yaani programu za nyongeza, za kuomba kotesheni zinazokaa juu ya WooCommerce. Chagua moja, kisha utengeneze fomu tofauti kwa kila kundi la bidhaa, na maswali ya kisima yawe ya lazima. Asiyejua kina cha kisima chake apewe nafasi ya kupakia picha ya ripoti ya mchimbaji. Kwa WhatsApp, programu ya bure ya WhatsApp Business ina ujumbe wa salamu na majibu ya haraka. Weka humo kiungo cha fomu. Na tafadhali, koki, viungio na mabomba yenye bei moja yaonyeshe bei wazi. Kumwombesha mtu kotesheni ya koki ni kujitafutia kazi.

Kinachosumbua zaidi ni usafiri, na hapa ndipo wengi wanajidanganya. Tangi tupu la lita 5,000 ni jepesi lakini linajaza gari. Mifuko 100 ya saruji haionekani kitu, kumbe ni tani 5. Jedwali lako la usafiri lisome uzito na ukubwa pia, lisiishie kwenye jina la wilaya. Tena liwe na mtu wa kulisasisha. Magari ya Sengerema yanapita daraja la Kigongo–Busisi tangu Juni 2025, lakini bado nakutana na majedwali yanayomtoza mteja nauli ya kivuko. Mtambo hauna habari kwamba daraja limefunguliwa.

Rasimu ya kotesheni ijitengeneze yenyewe: namba, tarehe, siku ya mwisho wa bei, VAT imo au haimo. Bei iwe kwa shilingi, maana tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni katika biashara za humu nchini. Kisha mtu aisome, ndipo abonyeze kutuma. Usiruke hatua hiyo: chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mteja akiikubali ofa yako kabla hujaiondoa, mna mkataba.

Mambo mawili ya kiufundi kwa haraka. Kroni ya WordPress, yaani saa yake ya kuamsha kazi zilizopangwa, haiamki mpaka mtu afungue tovuti, kwa hiyo vikumbusho vya usiku vinaweza kulala hadi asubuhi. Mwambie anayekutunzia seva aweke kroni ya kweli. Na barua pepe zako ziwe na SPF na DKIM, yaani alama za kuthibitisha kwamba zimetoka kwako kweli, kwa sababu tangu Februari 2024 Gmail inamdai kila mtumaji angalau mojawapo. Wateja "wasiojibu" mara nyingi kotesheni yao iko kwenye spamu.

Sasa huyo kijana. Kuskani QR ni kuunganisha kifaa kingine kwenye akaunti yako, yaani umemkabidhi mtu funguo za duka. Atasoma kila ujumbe, pamoja na picha za miamala. Boti za namna hiyo WhatsApp haizikubali, na namba ikifungiwa ni ileile uliyoichora kwenye bango na kwenye gari. Njia rasmi ya kuunganisha programu na WhatsApp, yaani API, ipo, ila ina masharti: saa 24 zikipita tangu mteja aandike mara ya mwisho, unaruhusiwa kutuma tu violezo, yaani ujumbe uliotungwa mapema, vilivyoidhinishwa na Meta, kampuni yenye WhatsApp. Muulize kama analijua hilo.

Hizo akili mnemba za kutaja bei nazo zina historia. Desemba 2023, boti ya muuza magari ya Chevrolet huko Watsonville, California, ilichezewa na watu hadi ikakubali kuuza gari la Tahoe kwa dola 1. Februari 2024, baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imfidie abiria aliyepotoshwa na boti yake kuhusu nafuu ya nauli kwa wenye msiba. Utetezi kwamba boti inawajibika yenyewe ulitupwa. Air Canada ina mawakili. Wewe una duka Mwanza.

Wauza boti wanaongezeka, na hakuna hata mmoja atakayekuuliza kama una orodha ya bei. Laki tatu hiyo mlipe mtu akae na wewe kwenye stoo mpaka orodha ikamilike. Baadaye, ukihitaji API kweli, akaunti ya Meta isajiliwe kwa jina la biashara yako na barua pepe yako. Nawajua wenye maduka wasioweza kubadilisha hata picha ya akaunti yao, kwa sababu fundi aliyesajili kwa jina lake amehama mji na hapokei simu.