Vijana wa boti, kamba za lastiki hazifungwi hivyo

Upepo wa kusi umeingia na kila asubuhi kuna kava la mashine ya boti linaelea huko mbele ya Shela, Lamu, mwenyewe hana habari. Wanangu nawapenda lakini kwa hili mnanichosha. Kamba ya lastiki ya kufungia kava, ya kujitengenezea inaishinda ya dukani kabisa, ila itengenezwe sawa.

1. Kipimo. Zungusha kamba pale itakapokaa, kisha kwenye kila mita punguza kama sentimita 15, uache na ya kukunjia vitanzi. Usiivute mpaka ikakakamaa, manake lastiki iliyovutwa hadi mwisho ikishinda juani inakufa, ukiiachia hairudi.

2. Ncha. Hapa ndipo penye kazi. Ukikata tu, ile nguo ya nje inafumuka na nyuzi za mpira zinachungulia, kwa hivyo ichome na laita kwanza. Halafu hilo fundo lenu. Kuna kijana, simtaji, alipiga fundo la kawaida akalivuta kwa nguvu zote akaniambia "ami, hii haitoki". Sasa mpira ukivutwa unakuwa mwembamba, fundo ulilolibana kamba ikiwa nene linabaki na nafasi, na upepo nao usiku kucha unavuta unaachia, unavuta unaachia, fundo linateleza kidogo kidogo bila mtu kuona. Asubuhi yake ameinama anakaza kava, fundo likachomoka, kulabu ya chuma ikaruka ikampasua chini ya jicho. Alishonwa, na jicho alhamdulillahi ni zima, lakini mpaka leo nikiona mtu ameweka uso mbele ya kamba iliyovutwa nampigia kelele hata kama simjui.

Fanya hivi: kunja ncha upate kitanzi, mwenzako aivute ile sehemu ya maungio, pale kamba mbili zinapolaliana, nawe uzungushie uzi wa nailoni wa kuvulia, mzunguko ubavuni mwa mzunguko, ukibana kila mmoja, hadi ufike upana wa vidole viwili. Funga uzi, mwambie aachie. Mpira ukirudia unene wake unajibana wenyewe ndani ya uzi, hapo hata ukining'inia nayo.

3. Kulabu za chuma achaneni nazo, chumvi inazila na mmeshasikia ya jicho. Kitanzi upande huu, kijiti cha mti mgumu cha kupitisha kitanzini upande wa pili, bas.

4. Blada, yaani vipande vya mpira vya tyubu kuukuu, nazo zafaa, hasa tyubu za gari, hazivutiki sana ila zinastahimili jua. Lakini msizishike na mikono ya petroli jamani! Mpira ukinywa petroli unavimba na kulegea.

5. Mashine ikitoka safari ipoe kwanza ndio uifunike, na chini usibane sana, unyevu upate pa kutokea.

Kamba ikianza mipasuko midogo midogo, kata ufunge nyingine, usingoje safari ijayo. Ambaye huo uzi bado unamsumbua aje jioni na kamba yake nimwonyeshe kwa mkono, ila aje na mwenzake wa kuvuta.