Fomu ya basari haiulizi habari za CRB

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: “Ukiwa umelemewa na madeni, umewezaje kumsomesha mwanao?” Nimelisoma alfajiri nikisubiri unga wa mahamri uumuke, nikaona hili langu. Mie nauza mahamri na viazi karai hapa Kisauni, na binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni Tudor. Naanza na kosa langu, kwa sababu najua kuna wazazi walio ndani yake hivi sasa.

Nilidhani mtu akishawekwa CRB, yaani kwenye kampuni zinazoweka kumbukumbu za wanaokopa na wanaoshindwa kulipa, basi kila mlango umefungwa, hata wa basari, ule msaada wa karo ya mtoto. Kwa hiyo miaka miwili mizima, binti yangu akiwa sekondari, sikukanyaga ofisi ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, hata siku moja. Akirudishwa nyumbani kwa karo, nilikuwa nakopa tena. Niliona haya. Nilihisi kama jina langu limebandikwa ukutani kila ofisi, na nikitoa kitambulisho tu watu watanicheka.

Deni lenyewe lilianza Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Wateja wangu walikuwa wanafunzi, saa nne wakitoka mapumziko. Mara moja hakuna mtoto njiani. Nikakopa kwa simu, shilingi 2,000 hapa, 700 pale, nachukua huku nalipa kule, mpaka pa kuchukua pakaisha. Mkopeshaji mmoja akaanza kuwapigia watu walio kwenye simu yangu. Ustadhi wa madrasa ya wanangu ndiye aliyenipa habari, kwa upole: “Mama, kuna watu wamenipigia, wasema una deni lao. Kuna jambo naweza kukusaidia?” Nilimshukuru, nikakata simu, nikalia. Kwa anayepitia hayo leo: kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuchukua namba za watu wako na kuwapigia kwa sababu umechelewa kulipa. Usifute zile jumbe. Ndizo ushahidi wako ukienda kulalamika.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa darasa wa binti yangu. Aliniuliza mbona sijazi fomu ya basari, nami nikamwambia ukweli, kwa sauti ya chini, kwamba niko CRB. Hakusema kitu. Alifungua droo, akatoa fomu, akaiweka mezani akanipa na kalamu. “Mama, nionyeshe hapa panapouliza CRB.” Nikaisoma mstari kwa mstari. Jina la mwanafunzi, namba yake ya shule, wazazi wako hai au la, kazi yao, ndugu wangapi bado wanasoma, kisha nafasi ya chifu kugonga muhuri. Hapakuwa na swali la mkopo popote. Basari si mkopo, na pesa zenyewe hazipiti mkononi mwako. Cheki inaandikwa kwa jina la shule au chuo. Wanachotaka kujua ni kama mtoto ana haja.

Basari za CDF zinatoka kwa eneo bunge, na Mombasa tuna sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Jomvu, Changamwe na Likoni. Kaunti nayo ina pesa zake za elimu zinazopitia wadi. Ni fomu tofauti, ofisi tofauti, na hakuna anayekuita. Fomu hutoka na kufungwa haraka, na wengi wetu hukosa kwa sababu tunaanza kutafuta karatasi baada ya kusikia. Mie ninayo bahasha ya kaki juu ya kabati. Ndani yake mna kopi tano tano za kitambulisho changu, cheti cha kuzaliwa cha binti, barua ya kuitwa chuoni na karatasi ya karo yenye muhuri. Fomu ikitoka leo, kesho niko kwa mzee wa mtaa na kwa chifu. Mara ya kwanza tulipata 6,000. Najua si nyingi. Lakini 6,000 nisizokopa ni 6,000 nisizozilipia riba.

Sasa madeni. Nilipoacha kujificha, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuomba ripoti yangu ya CRB kabla ya kumlipa mtu yeyote. Kampuni zenye leseni wakati ule zilikuwa tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na sheria inakupa haki ya ripoti moja bure kila mwaka. Naomba sana, iangalieni ripoti kwanza. Mie niliogopa kama nafungua barua ya kifo, kumbe nilikuta mambo matatu. Deni moja la benki, karibu 4,000, lilikuwa la kweli. La pili lilikuwa la 700, na tangu 2020 deni lisilofika 1,000 halifai kuorodheshwa. La tatu nilikuwa nimeshalimaliza zamani, ila mkopeshaji hakupeleka habari kwamba nimelipa.

Kwa hilo la tatu nilitoa taarifa yangu ya M-Pesa ya miezi ile, nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu penye malipo, nikapeleka pamoja na barua ya malalamiko. Lilirekebishwa. Lile la 700 nalo likatolewa. Deni la benki nililipa 500 kila Jumamosi, moja kwa moja kwa benki yenyewe, si kwa kijana anayepiga simu akitaka umtumie kwa namba yake. Nilipomaliza nikadai barua ya kuthibitisha. Kumbukumbu ya deni uliloshindwa kulipa kwa wakati hubaki miaka mitano tangu siku ulipolimaliza, hilo halifichiki, lakini linaandikwa kwamba limelipwa, na hiyo ni tofauti kubwa. Wale wanaojitangaza kwamba watakufuta jina CRB kwa ada fulani, waepukeni. Hakuna kitu wanachoweza kukufanyia ambacho huwezi kukifanya mwenyewe kwa barua na stakabadhi.

Baada ya hapo nimekuwa nakopa kidogo, tena kwa sababu. Nilichukua 500 za Hustler Fund, mkopo wa serikali wa kwa simu, nikanunua mafuta ya kukaangia, nikalipa siku ya tisa kabla ya zile siku 14 kuisha. Nikarudia. Lakini kilichoniinua zaidi ni mchezo wetu wa kina mama kumi, yaani upatu, kila mmoja 200 kila wiki na twapokea kwa zamu. Zamu yangu huwa naiomba iangukie mwezi wa kufungua chuo.

Chuo kikuu nacho kilikuwa na mtihani wake. Binti alipoitwa mwaka 2024, ufadhili ulikuwa wa bendi tano, yaani madaraja kulingana na uwezo wa familia. Bendi ya kwanza serikali ilitoa asilimia 70 ya karo kama ufadhili, 25 mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na familia 5. Bendi ya tano familia ilibeba 40. Sisi tuliwekwa ya nne. Nilishangaa, mpaka tulipofungua maombi tuliyoyajaza saiba, kwenye duka la intaneti, kwa haraka, foleni ndefu nyuma yetu. Mapato yangu ya mwezi yaliandikwa mauzo yote ya kiosk, bila kutoa unga, mafuta, viazi wala makaa. Tulikata rufaa kwa karatasi za kweli, pamoja na barua ya chifu, na tukashushwa hadi ya pili. Kwa hiyo jazeni pamoja na mtoto, polepole, na mkiandika mapato yawe yale yanayobaki mfukoni. Ukikwama, HELB wana meza Huduma Centre, pale Posta ya Digo Road. Mie nilienda na bahasha yangu, wakanielekeza vizuri.

Mkopo wenyewe ni wa binti, kwa jina lake na kitambulisho chake, na hali yangu ya CRB haikumzuia kuupata. Lakini sikutaka aupokee kama zawadi. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiyelipa hutozwa faini ya 5,000 kila mwezi na jina lake linapelekwa CRB. Nilimkalisha nikamweleza yote, pamoja na ile simu ya ustadhi, ambayo nilikuwa sijawahi kumsimulia. Alinyamaza kitambo. Kisha akachukua ile bahasha ya kaki, akaigeuza nyuma, akaandika tarehe na kiasi cha mkopo wa muhula wa kwanza. Kila mkopo ukiingia huongeza mstari. Hadi leo ina mistari mitatu.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa