Ile ringi inayozunguka kwenye saa za wazamiaji si pambo

Mkuu, umeuliza kama ringi inayozunguka kioo cha saa za kizamani za wazamiaji ni pambo tu la kupandishia bei. Mimi ni fundi saa, mwaka wa 19 huu, na nimezifungua nyingi. Hizo zilikuwa saa za kazi, na ringi ndiyo iliyobeba kazi yenyewe.

Turudi 1953. Mkuu wa kampuni ya saa ya Blancpain kule Uswisi, Jean-Jacques Fiechter, alikuwa mpiga mbizi, na aliwahi kuishiwa hewa akiwa chini kwa kupoteza hesabu ya muda. Wakati huohuo Robert Maloubier na Claude Riffaud, maofisa wa kikosi kipya cha wazamiaji wa kivita cha Ufaransa, walikuwa wanahangaika kutafuta saa ya kuaminika. Hapo ndipo ilipotokea Fifty Fathoms, yaani pima hamsini, pima hizihizi za wavuvi wetu. Ni kama mita 91. Mwaka uliofuata Rolex wakaonyesha saa yao ya wazamiaji, Submariner.

Kabla ya kuzama unaileta alama ya ringi mbele ya mshale wa dakika. Kuanzia hapo husomi saa ngapi, unasoma umekaa chini dakika ngapi. Sasa, ringi ikigonga mwamba ikasogea, hesabu imeharibika na mtungi wa hewa haukusubiri. Blancpain waliibana isizunguke mpaka uibonyeze. Za siku hizi huzunguka upande mmoja tu: ikisogea kwa bahati mbaya itaonyesha umekaa zaidi ya ulivyokaa, utapanda mapema, basi.

Ila usiamini maandishi peke yake. Kijana mmoja aliniletea saa ya marehemu baba yake, ukungu umejaa ndani ya kioo. Alikuwa ameogelea nayo kwa sababu usoni imeandikwa mita 200. Nilipofungua mfuniko na kuugusa mpira wa kuzuia maji kwa kibano, ulikatika vipande kama kaki. Mashine yote ilikuwa kutu. Niliumia, maana mpira ule ni wa bei ndogo sana. Ukinunua ya zamani, badilisha mipira na ipimwe kwa presha kabla haijagusa maji.

Na kama ni ya miaka ya 1950, rangi inayong'aa gizani huenda ni ya radiamu, kitu chenye mionzi ya hatari. Hata ikiwa haing'ai tena, sumu bado imo. Usimruhusu fundi yeyote kuikwangua.