Hedhi inauma na damu ni nyingi, nitumie mitishamba gani?

SWALI: Dada, hedhi inaniuma balaa na damu inatoka nyingi mno, vidonge sitaki, kuna mitishamba?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Kwa maumivu anza na tangawizi, hii imefanyiwa utafiti na inasaidia wengi, maana yale maumivu yanaletwa na kemikali za mwili zinaitwa prostaglandini ndo zinabana mfuko wa uzazi, na tangawizi inazipunguza. Tumia unga gramu 1 hadi 2 kwa siku, gawanya mara 3, siku 3 za mwanzo, na anza mapema usisubiri mpaka uwe umejikunja kitandani. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo inasaidia sana.

Ila hiyo damu nyingi ndo inanipa wasiwasi. Kama pedi inajaa kila saa, kuna mabonge makubwa au inapita siku 7, nenda hospitali wakupime wingi wa damu na wacheki uvimbe kwenye kizazi, hapo usitegemee mitishamba. Na tafadhali usiweke dawa yoyote ukeni hata wakikwambia inasafisha kizazi, utapata maambukizi bure. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata tangawizi muulize daktari kwanza.