Picha Isiyo na Mti

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Umeandika kwamba mgeni wako aliiona picha yangu sebuleni, ukamwambia kuwa ni msitu wa miombo wa Tabora, naye akacheka kwa kuwa haoni mti hata mmoja. Sasa wataka kujua kama ulimdanganya. Hukumdanganya.

Wajua kwamba situmii rangi ya mafuta. Nayeyusha nta ya nyuki, nachanganya na utomvu wa damari ili ikiganda iwe ngumu zaidi, kisha natia rangi ya unga. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, na ikitoka jikoni hunipa sekunde chache tu kabla ya kuganda kwenye brashi, kwa hiyo hata ningetaka kuchora jani mojamoja, mkono wangu usingewahi. (Wapo waliowahi: wachoraji wa Fayyum, Misri, karibu miaka 2,000 iliyopita, walichora kwa nta sura za marehemu, na kope zao zinaonekana hadi leo.) Kila tabaka sharti nilipitishie moto lishikane na lililo chini yake, ndiyo maana Wagiriki waliiita kazi hii kwa neno lenye maana ya kuchoma ndani.

Sasa itazame tena, pembe ya chini kushoto. Weusi ule ndio tabaka la kwanza, nao ni majivu ya moto wa kiangazi. Juu yake nilipaka nta tupu mara kadhaa, halafu nyekundu ya shaba, kisha nikaikwangua kwa kisu mpaka weusi ukachungulia. Wekundu huo uliuona mwenyewe utotoni, tulipokwenda kwa babu yako kurina asali: miombo huchipua majani mekundu mvua ikiwa bado haijanyesha, nawe ukadhani msitu unaungua, ukalia turudi nyumbani. Hicho ndicho nilichokichora.

Mgeni akirudi, mwombe aitazame kutoka ubavuni, ili mwanga uonyeshe makwaruzo. Usiitundike juani. Na ukiona imefunikwa na ukungu mweupe, usiogope, hutoka kwenye nta yenyewe. Isugue polepole kwa kitambaa laini kikavu, itang'aa tena.

Mama yako